Mzee wa Rupia wa Ngamiani: Mpelekee Mkebe Wako, Vifuko Vyake Viache Hapo Hapo

Mwaka 2011 niliichukua noti ya simba, rupia ya zama za Mjerumani, ya marehemu babu yangu, nikaiweka katikati ya plastiki, nikaipitisha kwenye mashine ya lamineshini. Ikatoka inang'aa kama kitambulisho cha kupigia kura. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Mashine yangu, plastiki yangu, umeme wangu. Mteja ningemtoza shilingi elfu moja.

Nayasema haya mapema msije mkadhani mnasomeshwa na mjuzi. Mimi nina steshenari hapa Tanga: fotokopi, kuchapa barua, picha za paspoti, lamineshini. Mtaani wananiita Mama Kopi. Karatasi naijua kama muuza samaki anavyojua samaki aliyelala, sihitaji kuambiwa. Hela za kale ndizo nilikuwa sizijui kabisa, mpaka mwaka huu nilipoubeba mkebe wa babu nikaupeleka kwa yule mzee wa Ngamiani anayethamini noti. Ndiye ninayetaka kumweleza hapa, kwa mazuri yake na kwa lile moja lililonikera.

Kuliita duka ni kulikweza. Ni kibaraza chenye meza, kabati la vioo na benchi, kati ya fundi baiskeli na fundi cherehani. Kibao hakuna. Ukiuliza "mzee wa rupia" utaonyeshwa mara moja; ukisema "mthamini wa noti" fundi baiskeli atakuangalia kwanza juu mpaka chini. Hafungui kabla ya saa tatu asubuhi. Adhuhuri anafunga kwa swala na chakula, na muda wa kurudi unategemea siku hiyo kimepikwa nini.

Mwanzo nilijaribu mkato. Nikampigia picha noti mbili nikamtumia kwenye simu. Alinijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia nyundo ya fundi baiskeli: "Mama, karatasi haipimwi kwa picha. Njoo nayo." Niliudhika kidogo. Sasa nimemwelewa.

Ada yake ni shilingi 2,000 kwa noti moja au 10,000 kwa mkebe mzima. Akinunua chochote kwako, ada anaifuta. Risiti hatoi. Nilimwuliza, akasema kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba. Safari ya pili nilimpelekea kitabu cha risiti kutoka dukani kwangu, zawadi. Amekifanya cha kuandikia madeni ya kahawa.

Mkebe wenyewe ni wa biskuti, umeshaanza kutu kwenye bawaba. Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Noti za Kijerumani alizikuta kwa baba yake, ambaye alilipwa nazo wakati wa vita ya kwanza, kisha Mjerumani akaondoka na makaratasi yakabaki. Za Mwingereza alijiwekea mwenyewe, moja moja. Ndani alitia karafuu kufukuza mende, kwa hiyo ukifungua unasalimiwa na harufu ya pilau kabla hujaona senti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Mikono umenawa?"

Sikuwa nimenawa. Kuna ndoo yenye bomba pembeni na taulo safi; kila mtu ananawa, anakausha, ndipo anagusa. Glovu hana. Anadai kidole kikavu kinasikia karatasi na kitambaa hakisikii, na hapo niko naye, maana hata mimi bunda la karatasi yenye unyevu nalijua kwa kidole. Akatandika kitambaa cheupe, akaumimina mkebe taratibu kwa kuulaza, siyo kwa kuupindua.

Ya kwanza aliyoitazama ilikuwa ile yangu ya kung'aa. Akaishika kwa pembe. Akaipindua. Hakusema neno kwa muda, na fundi cherehani jirani akasimamisha mashine kana kwamba kuna msiba.

"Nani kaivika sanda hii?"

Nikasema ni mimi.

Basi alinieleza nilichokizika. Noti ya 5 Rupien, yaani rupia tano, tarehe 15 Juni 1905, toleo la kwanza kabisa la Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki iliyoanzishwa mwaka huo huo kwa ajili ya koloni hili. Ilichapwa Leipzig, Ujerumani, na kampuni ya Giesecke & Devrient. Simba wawili wamechorwa kwa mistari myembamba sana, na mistari hiyo ilikuwa ni kinga dhidi ya waghushi. Noti ya 10 ina bandari ya Dar es Salaam, ya 50 ina Kaizari Wilhelm wa Pili mwenyewe. Lakini watu wengi wanaitaka ya simba, kwa sababu simba hahitaji kuelezwa. Kama ningeiacha kwenye karafuu zake, na mikunjo yake miwili mitatu, angenipa laki tatu papo hapo. Ilivyo sasa, elfu thelathini, tena kwa mtu anayetaka pambo la ukutani.

Nikamwuliza kama inavulika. Akacheka. Nilirudi nyumbani nikajaribu kwa fotokopi niliyoipiga lamineshini makusudi, nikaipasha pasi polepole na kubandua. Wino ulibaki kwenye plastiki, karatasi ikachanika tabaka. Gundi ya lamineshini inayeyuka kwa joto na kuzama ndani ya nyuzi za karatasi. Kazi yake ndiyo hiyo, na mimi nimeifanya mara elfu kwa vyeti vya kuzaliwa bila kuiwazia.

Baada ya simba zikaja rupia za vita, na hapa ndipo alipoipata ile 10,000 yake kwa haki. Nilikuwa na karatasi kumi na mbili nilizodhani ni kitu kimoja, chafu chafu, zimechapwa vibaya, juu zimeandikwa Interims-Banknote, yaani noti ya muda. Nilizidharau. Kwa macho ya mwenye steshenari ni kazi ya mtu aliyeishiwa vifaa, na kumbe ndivyo hasa ilivyokuwa. Vita ilipoanza 1914 meli za Mwingereza zikafunga bahari, noti kutoka Leipzig hazikufika tena, na huku askari na wapagazi lazima walipwe. Ikabidi wachape hapa hapa, Dar es Salaam, kwenye mitambo ya gazeti, tangu 1915. Karatasi walitumia iliyopatikana. Alizipanga zangu mezani kwa unene na rangi, nikaona kwa macho yangu: hii nyembamba kama ya kufungia, hii ngumu karibu na kadi, hii ya kijivu, hii ina weupe wa maziwa. Tofauti zipo kwa mamia, kuna watu Ulaya wanakusanya aina za rupia moja tu na hawamalizi.

Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916 na Tabora ikafuata mwezi huo huo, kazi iliendelea porini. Noti za 1917 zilichapwa kwa herufi za mpira, kama mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na ndizo Wajerumani wenyewe huziita noti za msituni. Sikuwa nayo hata moja. Mzee naye hana, ila alinionyesha picha kwenye kitabu kilichochakaa jalada, na vidole vyake vilipita juu ya picha ile kama vya mtu anayepapasa kitambaa asichoweza kukinunua.

Turudi kwenye zangu. Kumi na moja zilikuwa za rupia moja. Akaniambia bila kuzunguka kwamba ni za kawaida, zilichapwa nyingi mno: elfu ishirini, ishirini na tano, iliyo safi zaidi elfu arobaini. Ya kumi na mbili akaivuta peke yake. Hiyo ni ya 20 Rupien, 15 Machi 1915. Akachukua lenzi ya fundi saa, akanipa na mimi nitazame saini. Hapo nilishika pumzi. Saini iliyochapwa ina wino wa kina kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hii, kwenye kona ya herufi ambapo mkono umegeuka, wino umejaa na kutengeneza kitone, halafu unakonda pale kalamu ilipoinuliwa. Mtu alikaa akatia saini kwa mkono wake, noti moja baada ya nyingine, bahari imefungwa.

"Hii usiniuzie leo," akasema. "Mimi nitakupa laki mbili. Nenda ukaulize kwingine, ukikosa zaidi urudi."

Tafadhali lisomeni tena hilo. Miezi miwili nyuma kijana mmoja mwenye pikipiki, wale wanaopita mitaani wakinunua chuma chakavu, aliutazama mkebe wangu mlangoni na kunipa elfu hamsini kwa vyote, na aliniambia nifanye haraka kwa sababu "soko linashuka." Nilikaribia kumpa.

Nilipokuwa nangoja mzee arudi kutoka swala ya alasiri aliingia kaka mmoja na bahasha. Ndani noti ya 50 Rupien, Kaizari na sharubu zake, ameinunua laki nane. Mzee aliporudi akainusa tu. "Chai," akasema. Mimi nilidhani anaagiza. Kumbe noti ilichovywa kwenye chai ya rangi ili izeeke. Akawasha tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia hela bandia, na Kaizari akang'aa buluu kama shati la shule lililotiwa sabuni mpya. Karatasi za siku hizi zinatiwa dawa ya weupe inayowaka kwenye mwanga huo. Karatasi ya 1905 haikuwa nayo, inabaki imezubaa. Nilimwomba tochi nikaijaribu kwenye karatasi ya A4 niliyokuwa nayo mkobani: buluu ile ile, kama pacha. Kisha lenzi. Badala ya mistari kulikuwa na vitone vya rangi vimemwagika pembeni ya pua. "Babu, hii imetoka kwenye printa ya wino," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikawa na la kuongeza. Yule kaka alikaa kwenye benchi muda mrefu. Mzee hakumtoza.

Wengine wanakuja na mambo yao. Nimemsikia akimjibu mtu kwenye simu kwamba hana ile rupia inayodaiwa kuvuta mchele kama sumaku, hajawahi kuiona, na akiiona ataiweka jikoni kwa mke wake. Ukiwa unatafuta hazina ya Mjerumani iliyofukiwa, usimpotezee muda.

Za Mwingereza tulizipitia haraka. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London 1919, ikajaribu hela iliyoitwa florini mwaka 1920, na baada yake tukawa na shilingi. Mwenye florini ya karatasi asithubutu hata kupumua juu yake, ni adimu mno. Mimi nilikuwa na shilingi tano tano za Kingi Joji wa Sita zilizochakaa, kiasi kimeandikwa pia kwa Kiarabu na Kigujarati, moja ina tarehe 1 Januari 1952, mwezi mmoja tu kabla mfalme hajafa. Mikunjo minane, tundu la pini na doa la karafuu. Mzee anahesabu mikunjo kwa kuinamisha noti kwenye mwanga wa mlangoni, ukiwa sawa na uso wa karatasi, na kila mkunjo unatupa kivuli. Madaraja anayataja kama walimwengu wengine, VF, XF, UNC, lakini ukimwuliza maana yake atakwambia: imetembea kidogo, imetoka nje mara moja, haijatoka ndani. Zangu, alisema, zimekwenda Pangani na kurudi kwa miguu. Elfu kumi na tano kila moja. Na nisizifue, nisizipige pasi. Nilikuwa nimeshazipiga pasi mbili. Sikusema, ila nadhani aliona.

Nilimuuzia rupia moja moja sita, elfu ishirini na tano kila moja. Akanihesabia noti kumi na tano nyekundu za tembo, na akatania kwamba tembo alikuwapo kwenye hela ya nchi hii tangu ile dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora 1916. Ada akaifuta kama alivyosema. Noti ya saini sikuuza. Niliiulizia kwa simu kwa mnunuzi mmoja wa Dar, akataka picha, akanitajia elfu themanini. Picha! Nilimkumbuka mzee nikakata simu.

Sasa kero.

Ukimaliza kuthaminiwa, mzee anakuuzia vifuko vya plastiki vya kutunzia, vya matundu, vya kuingia kwenye faili, shilingi 1,500 kimoja. Vinang'aa, laini, vinakunjika bila kutoa sauti. Nilikipeleka kimoja puani na nikajua. Ile harufu ya pazia jipya la bafuni. Hiyo ni plastiki ya PVC, inalainishwa kwa mafuta, na mafuta hayo hayabaki ndani ya plastiki, yanatoka polepole kwa miaka, zaidi kwenye joto. Tanga joto tunalo. Mwenye shaka aje dukani kwangu nimwonyeshe sanduku la vyeti vilivyoganda kwenye folda za namna hiyo: ukivuta cheti, jina la mtu linabaki kwenye plastiki, karatasi inatoka haina mwenyewe. Yaani mzee aliyenisomea talkini kwa kosa la lamineshini anauza sanda ile ile, tofauti ni kwamba yake inaua taratibu.

Nilimwambia, kwa adabu. "Babu, hizi zitakula noti."

"Zinatoka Kariakoo mwanangu. Wateja wanapenda zinavyong'aa."

"Na zako mwenyewe umezitia humu?"

Akafungua droo. Zake zilikuwa kwenye bahasha za karatasi, kila moja imeandikwa kwa penseli. Tulitazamana. Hapo ndipo nilipomnyima nyota moja, kama nyota zingekuwa mkononi mwangu, na wala simwonei.

Ninachofanya mimi ni hiki, na hakigharimu kitu kama una mabaki ya zamani. Zile transparensi za projekta walizokuwa wakitumia walimu, za mashine ya leza, kama boksi limeandikwa poliesta, ni plastiki ngumu isiyonuka na isiyotoa mafuta. Nakata kipande, nakunja mara moja kama kadi ya harusi, noti inakaa katikati, pembeni wazi, bila gundi wala selotepu. Usichukue za printa ya wino, zimepakwa utando upande mmoja. Huna, tumia bahasha ya karatasi kama mzee, uiweke kabatini mbali na ukuta wa nje unaotoa jasho. Karafuu nimeziondoa. Roho iliniuma kidogo.

Nimekwisha kwenda mara tatu. Safari ya tatu nilimpelekea vikunjo ishirini vya transparensi ajaribu kuwauzia watu kwa 500. Ameuza vinne. Vya PVC bado vimening'inia pale pale, mbele, vinapata jua la asubuhi.

Noti ya simba ipo ukutani dukani kwangu, juu ya mashine ya lamineshini, nimeandika chini yake kwa kalamu nene: HATUPIGI NOTI. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na noti ya Nyerere ya 1966 ya mume wake marehemu, akaisoma ile karatasi, akaniuliza aipeleke kwa nani. Nikamwelekeza Ngamiani, ashuke kwenye bajaji kwa fundi baiskeli, anawe mikono, na aende na biki yake, maana ya mzee haiandiki.